Usimkimbie mwanasaikolojia baada ya kikao cha kwanza

WAGONJWA wengi ninaowatuma kwa mwanasaikolojia huenda mara moja tu. Nikiwauliza sababu, jibu huwa karibu lile lile: "Daktari, yule hakunipa chochote. Aliniuliza maswali tu."

Lawama ni yetu sisi madaktari. Humwandikia mgonjwa jina na nambari ya simu kwenye karatasi, kisha tukamwita anayefuata. Hatumwelezi anakokwenda kukoje. Na siku hizi aghalabu haendi popote. Tangu ugonjwa wa Covid-19 uingie nchini Machi 2020, wanasaikolojia wengi wa kibinafsi huwahudumia watu kwa simu au kompyuta, kila mmoja akiwa kwake.

Kuna bwana mmoja, mhasibu (nimebadilisha mambo mawili matatu asije akatambulika), aliyekuja kwangu mapema mwaka 2023 akilalamikia tumbo. Nilimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi minane. Hatimaye alimezeshwa kamera na tumbo likapatikana safi. Hapo ndipo nilipomuuliza analalaje usiku, swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza. Kumbe alikuwa akiamka saa nane za usiku na kukodoa macho hadi alfajiri, tangu alipomzika kakaye mwaka 2021.

Nilimtuma kwa mwanasaikolojia wa mtandaoni. Alizungumza naye mara moja tu, akaacha. "Nimelipa pesa nzuri kuulizwa nililelewa wapi," akaniambia.

Sasa, msomaji, nikueleze yale ambayo sikumweleza bwana yule.

Kwanza, hakikisha ni mwanasaikolojia kweli. Mtu wa kazi hiyo huwa na shahada ya uzamili katika saikolojia ya tiba, na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa. Muulize nambari yake ya usajili. Akikasirika, tafuta mwingine. Na usimtarajie akuandikie vidonge. Hiyo ni kazi ya daktari wa maradhi ya akili. Yeye hutibu kwa mazungumzo.

Utatumiwa fomu ya ridhaa kabla ya kuanza. Isome. Humo mna bei, namna ya kulipa, ambayo mara nyingi ni M-Pesa kabla ya kikao, na adhabu ya kuahirisha dakika za mwisho. Pia mna orodha ya mambo ambayo hataweza kuyafanya siri: ukiwa hatarini kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, mtoto akiwa anateswa, au mahakama ikiamuru. Mengine yote ni siri yako. Hawezi kukurekodi bila idhini yako, nawe usimrekodi kichinichini.

Kikao huchukua dakika 50 hivi. Cha kwanza ni maswali matupu, naam. Atakuuliza kuhusu wazazi, ndoa, kazi, pombe, usingizi, misiba. Hapo hakutibu bado. Anafanya kama mimi ninavyofanya ninapokubonyeza tumbo kabla ya kuandika dawa, ila yeye hana la kubonyeza isipokuwa maneno yako.

Kuna swali moja la mtandaoni ambalo huwaudhi watu. Atakuuliza, tena kila mara: "Uko wapi sasa hivi? Na nikihitaji mtu wa karibu nawe, nimpigie nani?" Wengi hudhani ni upelelezi. Sivyo. Ukiwa ofisini mwake na ukazidiwa, atakushika mkono. Ukiwa mbali, hana mkono ila hiyo nambari ya simu. Bwana wangu alisema yuko Kisumu, na hali alikuwa ndani ya gari lake South B.

Huenda pia ukapewa maswali tisa ya kupima mfadhaiko, unayojipa alama kuanzia 0 hadi 27. Ukifika 10 au zaidi, atataka kuchunguza zaidi. Swali la tisa linauliza kama umewahi kufikiri kwamba afadhali ungekuwa umekufa. Bwana yule aliandika sifuri. Haikuwa kweli. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa polisi, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi: wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Na hata kabla ya hapo, kuwaza kifo halikuwa kosa. Kwa hivyo jibu swali hilo kwa ukweli. Ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye karatasi ile.

Miezi mitano baada ya kikao kile kimoja, mkewe alimleta kwangu akiwa amemshika mkono kama mtoto. Bwana alikuwa ameanza kugawa saa zake na suti zake, na amewaandikia watoto barua. Tulimlaza hospitalini siku hiyo hiyo.

Hapo simu haifai. Mtu aliye na mpango wa kujiua, anayesikia sauti zisizokuwepo, au asiyeweza kupitisha siku bila pombe, anahitaji kuonwa ana kwa ana, Mathari au katika hospitali yoyote iliyo karibu. Vivyo hivyo anayepigwa na mtu anayeishi naye, kwa sababu anayempiga anaweza kuwa nyuma ya mlango akisikiliza. Ikiwa ni usiku na hujui pa kwenda, piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kwa mfadhaiko na wasiwasi wa kawaida, hata hivyo, utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba tiba ya kuonana kwa video hufanya kazi karibu sawa na ya ofisini. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiibeza.

Tatizo kubwa la mjini ni mahali pa kuketi. Mwanasaikolojia atatunza siri upande wake, lakini wako utautunza mwenyewe, na nyumba zetu za kupanga kuta zake ni nyembamba kama karatasi. Jirani akikohoa unamwambia pole. Vaa spika za masikioni, angalau jirani asikie upande mmoja tu. Chagua saa ambayo watoto wako shuleni. Nina mgonjwa anayekwenda kuketi bustanini, mwingine huomba ofisi ya mkubwa wake saa ya chakula cha mchana. Matatu si mahali. Nunua bando ya kutosha, na mkubaliane mapema ni nani atakayempigia mwenzake mtandao ukikatika, maana utakatika, na utakatika pale hasa unapoanza kulia.

Tarajia pia kwamba baada ya kikao cha pili au cha tatu utajihisi vibaya kuliko ulivyoanza. Mambo uliyoyafukia yamefukuliwa. Mwambie, usinyamaze ukatoweka. Utapewa kazi ya nyumbani: kuandika saa unazolala, au fikira inayokujia kabla ya moyo kuanza kwenda mbio. Tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20, mara nyingi kimoja kwa wiki. Piga hesabu hiyo kwa bei uliyotajiwa kabla hujaanza, na uulize bima yako kama inagharamia. Kwa wengi ni ghali mno, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kama baada ya vikao vinne hamwelewani kabisa, una haki ya kuomba mwingine; hatakasirika.

Bwana yule alirudi kwa mwanasaikolojia yule yule alipotoka hospitalini. Alianza kwa kumwambia kwamba hakuwa Kisumu. Mpaka leo, Alhamisi saa kumi na mbili jioni, hukaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi yao, vioo vimefungwa, na bawabu ameshazoea kutomgongea. Dawa za tumbo aliacha siku nyingi.