Mdhamini Si Mwenye Shule

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 8, yatamka kwa maneno machache kwamba nchi haitakuwa na dini rasmi. Ni maneno mepesi kuyakariri darasani. Uzito wake tuliuona hapa Isiolo, katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, ambayo ni ya umma na hudhaminiwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 pakazuka swali: je, wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare? Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikakubali mwaka 2016. Na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo wa rufaa kwa sababu ombi halikuwasilishwa ipasavyo. Kiini cha swali kikabaki.

Mimi si mwanasheria. Taaluma yangu ni isimu. Nalitazama neno "mdhamini". Mdhamini husimama nyuma ya mwenzake ili amwezeshe. Hachukui nafasi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humpa mdhamini jukumu la kulea maisha ya kiroho shuleni, na papo hapo humtaka alinde imani za wengine. Kutenga dini na serikali, basi, si kuifukuza sala shuleni. Ni kuhakikisha kuwa mlango wa shule ya umma haufungwi kwa ufunguo wa imani moja.

Msomaji atauliza: kompyuta zaingiaje hapa? Swali ni lile lile: nani ashike ufunguo wa mali ya umma? Shule ikinunua kompyuta, hupata pia mfumo endeshi, yaani programu inayoziongoza nyingine zote. Iko mifumo ambayo undani wake huujua kampuni yenyewe tu, nayo ndiyo hupanga masharti. Iko pia mifumo huria kama Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambayo yeyote aruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumpigia mtu magoti. Microsoft nayo ilikuja kuitafsiri Windows, lakini kwa hiari na ratiba yake. Nguo ya kuazima, walinena wahenga, haisitiri maungo.

Tofauti ipo. Serikali hairuhusiwi kuchagua dini, ilhali mfumo endeshi haina budi kuuchagua. Tena programu huria yahitaji mafundi, na walimu wahitaji mafunzo. Pasipo hayo kompyuta zitalala kabatini. Hata hivyo, kwa kuwa lazima tuchague, na tuchague ule ambao kanuni zake zi wazi kwa wote.

Kwa hiyo, mwalimu na mwanafunzi, iulizeni bodi ya shule yenu, kuhusu sare na kuhusu kompyuta: kanuni hii ni ya nani, na sisi tuna haki gani ya kuibadilisha?