Nyumba ya Askari Aliye Mbali

Jioni ya Alhamisi, tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania iliyokuwa kando ya Mto Semuliki, upande wa Beni katika Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, ilivamiwa na watu wenye silaha waliodhaniwa kuwa wa kundi la waasi la ADF, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi za usiku. Habari za kwanza zilitaja askari wetu 14 waliouawa. Hesabu ya baadaye ikawa 15, na majeruhi wakazidi 40. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema kuwa lilikuwa shambulio baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni. Huku nyumbani habari zilienea siku ya Ijumaa, na kesho yake ilikuwa sikukuu ya Uhuru.

Siku zilizofuata taifa lilitimiza wajibu wake. Miili ilipokewa kwa taadhima, ikaagwa Dar es Salaam mbele ya wakuu wa serikali na wa jeshi, ikaombewa dua na sala, kisha kila marehemu akapelekwa kwao kuzikwa kwa heshima za kijeshi. Katika jambo hili hatuna upungufu. Mtanzania ajuaye kumzika mwenziwe hahitaji mwalimu. Walakini kati ya habari ile ya Ijumaa na saa ambayo majina yalijulikana kwa yakini, palikuwa na muda ambao kila nyumba yenye mtu katika kikosi kile, iwe nyumba ya aliyekufa au ya aliyekuwa mzima wa afya, ilikaa katika wahaka wa namna moja, na aghalabu ilikaa peke yake. Hoja yangu katika makala haya ni juu ya nyumba hizo. Nasema kwamba hisani yetu kwa askari tuliowapeleka mbali huanza imechelewa: huanza jeneza liwasilipo, na siku iliyostahili kuianzia ni ile ambayo askari aliaga mlangoni kwake akiwa hai na begi lake begani.

Wazee wanaoikumbuka Vita ya Kagera watashuhudia kuwa zama zile hapakuwa na haja ya maneno kama haya. Majeshi ya Idi Amin yalipoikalia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera mwishoni mwa 1978, na Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita, nchi nzima iliingia vitani pamoja na jeshi lake. Mgambo waliitwa kutoka vijijini, magari yakatolewa kuchukua askari na vyakula, wafugaji wakatoa ng'ombe na wakulima wakatoa nafaka. Na mke wa askari hakuwa na lazima ya kumweleza mtu sababu ya kukosa usingizi, kwa kuwa jirani wa kuliani alikuwa na mwana huko na jirani wa kushotoni alikuwa na ndugu. Huzuni ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa huzuni ya shirika, na mzigo ulioshikwa na mikono mingi haumlemei mmoja.

Ulinzi wa amani ni kazi ya tabia nyingine. Tangu Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 2098 mwezi Machi 2013, na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa askari wa brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki ya Kongo, ambayo kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa jeshi letu, vijana wetu wamekuwa wakienda na kurudi kwa zamu, kimya kimya, pasipo tangazo la vita na pasipo ng'ombe wa mchango. Mwaka huo huo, mwezi Julai, askari wetu wengine saba waliuawa Darfur, Sudan. Wengine wametumikia Lebanoni, wengine Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipoifikia Goma, jeshi letu lilitangaza tena vifo vya askari wake huko. Mtu aweza kuishi Tabora au Morogoro mwaka mzima asijue ya kuwa nyumba ya tatu kutoka kwake ina baba aliye Beni, wala hawezi kulaumiwa kwa kutojua, maana hakuna aliyemwambia. Vita ya Kagera ilikuwa ya kila mtu. Kongo, katika mtaa, ni ya nyumba moja.

Na nyumba hiyo moja haikosi kuonewa kijicho. Kuna neno linalosemwa mitaani ambalo limewadhuru wake wa askari kuliko wasemaji wake wanavyokadiria, nalo ni hili: "Mumewe yuko UN, dola zinaingia." Ni haki lielezwe jambo hili kwa insafu. Umoja wa Mataifa haumlipi askari mshahara wake. Huirudishia serikali iliyomtoa gharama kwa kiwango kimoja cha kila mwezi kwa kila askari, kiwango kinachopitishwa na Baraza Kuu, na serikali ndiyo imlipayo askari kwa kanuni zake yenyewe. Posho ya safari ipo, na ni kweli kwamba wengi wameezeka nyumba au kununua kiwanja kwa posho hiyo. Lakini fedha hiyo hiyo ndiyo ada ya watoto, ndiyo dawa ya mama mzazi kijijini, ndiyo deni la mkopo uliochukuliwa kabla ya safari, na ndiyo malipo ya hatari ambayo hakuna mwenye akili timamu angeinunua kwa bei hiyo. Mtaa ukiisha kusadiki kwamba mwanamke yule ni tajiri, yanamfika mambo mawili kwa pamoja: wanaoomba huongezeka, na wanaotoa hukoma. Mwenye nyumba hupandisha kodi, mashemeji huja na shida zao za karo na za mahari, na siku akilala na homa hakuna anayefikiri kumpelekea uji, kwa dhana kwamba mwenye dola hakosi wa kumpikia.

Nilimjua mama mmoja, jirani yetu, ambaye mumewe alikwenda Darfur mtoto wao wa pili akiwa hajaanza kutambaa. Simu kutoka huko iliingia usiku, kwa dakika chache tu, kwa sababu ya foleni ya wenziwe au udhaifu wa mtandao, na yule mama alikuwa na desturi ya kutoka nje kwenda kusimama penye karo la kufulia kila ilipolia, hata kama mvua inanyesha, ili mumewe asisikie kikohozi cha mtoto. Alimwambia kuwa wote hawajambo, kuwa bati lililong'oka limekwisha kupigiliwa, kuwa mkubwa amekuwa wa tatu darasani. Bati lilikuwa halijapigiliwa. Wake wengi wa askari hufanya hivyo, nao wanajua wanalolifanya: askari mwenye wasiwasi wa nyumbani akiwa lindoni ni askari aliye katika hatari, yeye na wenzake. Uwongo wa jamala wa namna hii una gharama yake, na mke huilipa peke yake baada ya simu kukatika.

Aliyemfaa zaidi katika mwaka ule alikuwa bibi mmoja wa nyumba ya pili, mtu asiye na fedha wala cheo. Magharibi ikiingia, yule bibi alikuja na mkeka wake na mchele wake wa kuchagua, akaketi barazani, akachagua mchele na kuzungumza habari za sokoni, asiulize neno la Darfur ila akiulizwa. Usiku mmoja mtoto alipoanza kuweweseka kwa homa, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi barabarani wakati mama anatafuta gari. Sijui kama jeshi lina nishani ya watu wa aina hii. Lingekuwa nayo, yule bibi angeistahili.

Upo msaada mwingine, nao ni wa kujizuia kueneza habari zisizothibitishwa. Siku za zamani habari za vita zilikuja polepole mno, na hiyo ilikuwa adhabu. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wetu walipopelekwa Burma, gazeti la jeshi kwa Kiswahili, lililoitwa Heshima, liliwafikia huko, na barua zao zilipita mikononi mwa wakaguzi kabla ya kufika vijijini. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu wapatao 1,300, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Na mama aliye bara, asiyejua hata kuwa mwanawe alipanda meli, alibaki kuhesabu misimu ya mvua. Leo tumetupwa upande wa pili. Habari hufika kabla ya ukweli wake. Bunduki hazijanyamaza, na tayari picha zinazunguka katika simu za mkononi, majina yanatajwa na watu wasiojua lolote, na mke anapokea pole ya msiba ambao haujathibitishwa, au mtoto anaambiwa shuleni na mwenziwe kuwa baba yake amekufa. Mimi nalihesabu jambo hili kuwa dhuluma. Mwenye haki ya kwanza ya kulisikia jina la marehemu ni aliyezaa naye na aliyemzaa, tena alisikie kwa kinywa cha afisa aliyekuja mlangoni kwa adabu, akiwa amefuatana na sheikh au padre na jirani mmoja anayejulikana. Sisi wa magazeti tuna sehemu yetu katika hilo, na ni muhali kumkanya mwenye simu ikiwa mhariri naye anashindania kutangulia.

Ama walimu, ningewaombea nafasi kubwa kuliko wanayopewa. Mtoto ambaye baba yake au mama yake (maana wapo pia askari wanawake katika vikosi hivi) yuko Kongo hubadilika darasani mapema kuliko nyumbani: huacha kucheza, hupigana bila sababu, husinzia kwa kuwa amekesha akisikiliza mama yake anavyozungumza na simu. Mwalimu aliyearifiwa atajua, asiyearifiwa atachapa. Jambo la kumwarifu mwalimu mkuu halihitaji bajeti. Kadhalika mwajiri ambaye mke wa askari anafanya kazi kwake angeweza kumpa ruhusa ya nusu siku bila kumtaka aeleze mbele ya watu kwa nini macho yake ni mekundu.

Kisha askari hurejea, na hapo ndipo wengi hudhani kuwa mashaka yamekwisha. Shangwe ya siku ya kwanza ni haki yake. Lakini wiki ya pili mtoto aliyemwacha mchanga humkimbia kama mgeni, mke aliyezoea kukata shauri peke yake hajui tena lipi la kuuliza na lipi la kuamua, na yeye mwenyewe anashtuka mlango ukijibamiza. Katika majuma hayo vijana wa kijiweni humzunguka na kumuuliza: "Afande, umeua wangapi?" Nawasihi wakome. Swali hilo humrudisha mtu mahali alikotoka kwa taabu, na wala halina jibu linaloweza kumfurahisha muulizaji mwenye utu. Aulizwe habari za watu wa huko, wanaozungumza Kiswahili kama yeye, na ambao wengi wao alizoeana nao sokoni na njiani. Aulizwe mvua ya Beni na mlima wa moto wa Goma. Akitaka kusema zaidi, atasema. Na aliyerudi na kiungo pungufu asitembelewe mwezi wa kwanza tu, wakati bado yumo hospitalini na wageni ni wengi, bali mwaka wa tatu pia, atakapokuwa ameketi nyumbani na hakuna anayebisha hodi.

Limebaki jambo moja kavu, ambalo nimeliacha nyuma kwa makusudi ili lisipotee katikati ya mengine, nalo ni karatasi. Askari akifa, mafao yake hayatolewi kwa machozi. Hutakiwa cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua msimamizi wa mirathi, na uthibitisho wa mahakama. Na katika mlolongo huo wajane wengi hukwama, hasa wale ambao ndoa zao zilifungwa kwa mila au kwa sheikh bila ya kuandikishwa, na ambao wakwe zao, waliokuwa wema jana, leo wanaiona fedha mbele yao. Hakuna kinachozuia mambo hayo kutengenezwa kabla ya msafara. Wakili mmoja, kadhi mmoja na mwandikishaji wa vizazi na ndoa wanaweza kukaa kambini siku mbili kabla ya kikosi kuondoka, wakapokea kila askari pamoja na mkewe, wakaandikisha ndoa zisizoandikishwa, wakatoa vyeti vya watoto, wakapokea wosia wa mwenye kutaka kuusia, na wakamwandikia mke hati ya kutia sahihi kwa niaba ya mumewe benki na shuleni. Mawakili wanaotoa msaada wa sheria bila malipo wamo katika mikoa yetu. Kikosi kijacho kinapoandaliwa, waitwe.