Kabla Hujaleta Kalamu Ipakwe Mafuta



Leo naongea na wewe uliyefungua matokeo kwenye simu usiku, ukaona E kando ya Kalkulasi, ukazima simu na kulala na nguo zako. Jumapili ulikuja ukaimba kama kawaida. Mama alipokuuliza mitihani ilikwendaje, ukamjibu, "Ilikuwa sawa tu." Haikuwa sawa, na ndiyo maana siku hizi ukimwona mchungaji unapitia mlango wa nyuma.

Kufeli hisabati si laana. Mimi ni Mpentekoste, nafunga, nakesha, naamini kuwekewa mikono. Lakini nimechoka kusikia watumishi wakimwambia mtoto wa watu kwamba roho ya kufeli imemfuata kutoka kwa babu yake, kisha wanampakia kalamu mafuta na kupokea sadaka. Mtoto anarudi kampasi na kalamu inayonukia vizuri, na lile ambalo hakulielewa bado hajalielewa.

Acha nikuonyeshe mahali shida hukaa mara nyingi. Chukua karatasi uandike mraba wa (a + b). Wengi kwa haraka huandika a² + b². Sasa weka namba, 3 na 4. Ukijumlisha ni 7, na mraba wa 7 ni 49. Lakini 9 na 16 ni 25. Kuna 24 zimepotea, nazo ni 2 mara 3 mara 4, yaani ile 2ab uliyoiacha. Hilo ni somo la kidato cha pili. Mwalimu aliliwekea wino mwekundu, wewe ukafunga daftari ukaenda kucheza mpira.

Sasa uko chuoni. Mhadhiri anakuambia utafute, kwa kuanzia mwanzo kabisa, kasi ambayo x² inabadilika. Unaanza na (x + h)². Ukiipanua sawasawa unapata x² + 2xh + h². Unaondoa x², unagawanya kwa h, inabaki 2x + h. Ile h ikikaribia sifuri, jibu ni 2x. Lakini ukiacha kipande cha katikati kama ulivyozoea, baada ya kugawanya unabaki na h peke yake, na ikikaribia sifuri jibu lako ni sifuri. Umesema kitu kinachobadilika hakibadiliki kamwe! Jibu lote lilikuwa ndani ya kile kipande ulichokuwa ukikitupa tangu kidato cha pili. Unadhani kalkulasi ndiyo ilikushinda, kumbe hukuwahi kuifikia.

Kwa hiyo usirudie yuniti kwa njia ileile. Najua mnavyofanya: mnakusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, mnakariri majibu, na mhadhiri akibadilisha namba mbili tu mnatazamana. Karatasi hizo ni nzuri, lakini ziwe za mwisho. Wiki tatu za kwanza omba vitabu vya ndugu yako mdogo vya kidato cha pili na cha tatu, ukae navyo bila aibu. Fanya hesabu kwa mkono wako. Kumtazama mtu akikokotoa kwenye video na kutikisa kichwa si kujifunza. Ukifunga video, jaribu swali lilelile peke yako uone kama litatoka.

Musa alivunja mbao za kwanza za amri, na zile zilikuwa zimechongwa na Mungu mwenyewe. Mara ya pili aliambiwa achonge mawe yeye, apande nayo mlimani. Maneno yalikuwa yaleyale ya kwanza, na alikaa huko siku 40 tena. Hakupewa muhtasari kwa sababu alishawahi kuyasikia. (Na ndiyo, alama ya kupita katika vyuo vikuu vyetu vingi ni 40. Tafadhali msinigeuzie hilo kuwa unabii.)

Kuna mambo ya ofisini pia, maana wengine mnaangukia hapo. Uliza idara yako mapema kama unatakiwa kufanya sapu au kurudia yuniti nzima darasani, kwa maana si kitu kimoja. Jisajili rasmi, lipa kinachotakiwa, tunza risiti. Kuna wanaoketi mtihani bila jina lao kuwa kwenye orodha, halafu muhula mzima wanazunguka na alama zisizoonekana. Tena usivunjike moyo ukisikia kwamba katika vyuo vingi hata ukipata 78 kwenye sapu utaandikiwa 40. Ile 78 itakuwa kichwani mwako, na yuniti inayofuata itaihitaji.

Sasa mzazi, nawe nisikie. Kijana akikuambia amefeli, usianze na ng'ombe uliyemuuza. Anamjua yule ng'ombe, pengine ndiye aliyekuwa akimchunga. Nimeona familia ikikodi matatu alfajiri kwenda mahafali, shangazi wameshona nguo, na jina la kijana halimo kwenye kitabu cha wahitimu. Aliogopa kusema habari ya yuniti moja mwaka wa kwanza, uongo ukazaa mwingine, mpaka siku ile ukumbini akiwa amevaa gauni la kuazima. Yuniti ile angeirudia kwa muhula mmoja tu. Nyumba ambayo mtoto anaweza kusema "nimefeli" na bado akapewa chakula cha jioni ingewaokoa wote na asubuhi ile.

Nawe kijana, mwambie mama leo. Usimwandikie ujumbe, mpigie simu. Mwambie yuniti ni ipi, utairudia lini, na itagharimu pesa ngapi.

Jumamosi saa nane mchana chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa wazi. Dada mmoja wa kanisa letu anayefundisha hisabati sekondari amekubali kukaa nanyi saa mbili. Njooni na daftari, kitabu cha kidato cha pili, na karatasi mliyofeli kama mnayo. Chai itakuwepo. Nitaomba kabla hatujaanza, dakika tano tu, kisha nitampisha mwalimu.