Likizo ya Zamu Visiwani: Usomwe Mkataba, Yaachwe Majina

Imekuwa jambo la kawaida katika nyumba za ndugu zetu waliohamia Marekani na Kanada kukuta makala za rangi zinazoshindanisha kampuni za kuuza likizo. Ipi bora kwa Hawaii, Marriott au Hilton? Ipi yenye nafuu kwa Karibiani, Wyndham au Disney? Msomaji huelekezwa alinganishe ukubwa wa vyumba, idadi ya mabwawa ya kuogelea na umbali wa ufukwe, kisha akaambiwa achague chapa inayoifaa familia yake. Katika kurasa zote hizo hutakuta mstari unaomwuliza iwapo ana haja ya kununua chochote. Makala haya yameandikwa kuwapinga waandishi hao, na pia kuwapinga wale miongoni mwetu wanaosimama milangoni mwa misikiti baada ya swala wakirudia maneno yao kwa ndugu zao ili wapate ujira wa kuleta mteja.

Biashara yenyewe huitwa taimushea, yaani umiliki wa zamu. Mtu huuziwa juma moja la kila mwaka katika nyumba ya mapumziko, au, kama ilivyo kwa wengi siku hizi, huuziwa fungu la pointi ambazo huzibadilisha kwa siku za kukaa. Ilianzia Ulaya. Hapimag ya Uswisi iliasisiwa mwaka 1963, na mwaka 1967 hoteli ya Superdévoluy katika milima ya Alps, Ufaransa, ikaanza kuuza majuma kwa wageni wake. Mwaka 1974 ikazaliwa RCI huko Indianapolis ili wenye majuma wabadilishane baina yao. Kwa miaka mingi biashara hii ilikuwa na sifa mbaya, hadi yalipoingia majina makubwa: Marriott mwaka 1984, Disney 1991, Hilton 1992. Majina hayo yaliiosha sifa ya biashara. Mkataba wenyewe je, nao uliyoshwa? Hilo ndilo la kuchunguza.

Tuseme haki kwanza. Kugawana manufaa ya kitu kimoja kwa zamu si jambo geni katika dini yetu wala katika historia yetu. Mafakihi wameliita muhayaa na wamelieleza katika milango ya ushirika. Wenye asili ya Oman wanaujua mfano wake ulio bora kabisa: maji ya falaj. Katika vijiji vya Oman mtu humiliki fungu la maji kwa kipimo cha muda; athari moja ni kiasi cha nusu saa. Zamu yake ikifika, maji huelekezwa shambani kwake. Ikipita, huenda kwa jirani. Fungu hilo hurithiwa, hukodishwa na huuzwa, na katika vijiji vingi huuzwa kwa mnada mbele ya watu, kila mmoja akisikia bei. Mambo matatu yamo humo: kitu kinajulikana, muda unajulikana, na anayetaka kutoka hutoka kwa kumuuzia mwingine. Jopo la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC liliijadili mikataba ya zamu katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwezi Julai 2007, na halikuiharamisha kwa jina lake. Liliirudisha kwenye masharti ya uuzaji na ya ijara. Hata Makka imo katika habari hii, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Munshaat ya Kuwait iliuza sukuk za intifaa za mnara wa Zamzam, kwa muda wa miaka 24.

Kwa hiyo hatusemi kwamba zamu ni haramu kwa kuwa ni zamu. Tunasema: leteni mkataba wa Hawaii tuuweke kando ya falaj.

Tuanze na bei. Wastani wa bei ya zamu moja inayonunuliwa kwa kampuni umeshapita dola 20,000. Wachache wana fedha hizo mkononi, na muuzaji analijua hilo kabla mteja hajakaa kitini. Basi kampuni hiyo hiyo inayouza ndiyo inayokopesha, na riba yake mara nyingi hupita asilimia 12 kwa mwaka. Chukua mfano wa dola 24,000 kwa riba ya asilimia 14, zilipwe kwa miaka kumi. Kila mwezi utatoa kiasi cha dola 373, na mwisho utakuwa umelipa takriban dola 44,700. Zaidi ya dola 20,000 ni riba tupu. Wala asidhani mtu kuwa mkopo huu ni msaada wa pembeni kwa mnunuzi. Kampuni ya Travel + Leisure, ambayo ndiyo Wyndham ya zamani, ilipata zaidi ya dola milioni 400 mwaka 2023 kutokana na kuwakopesha wateja wake tu. Madeni hayo hufungwa pamoja na kuuzwa kwa wawekezaji kama hati za dhamana. Muislamu aliyekataa mkopo wa riba kwa ajili ya nyumba ya kulala watoto wake, akakaa miaka katika nyumba ya kupanga kwa kumcha Mola wake, anawezaje kuukubali kwa ajili ya juma moja la kuota jua?

Atajibu mwingine kwamba yeye atalipa taslimu. Vyema. Riba imeondoka, imebaki ada ya matunzo. Wastani wake nao umepita dola 1,000 kwa mwaka, na hupanda. Tukiikadiria ianze na dola 1,200 na ipande asilimia 5 kila mwaka, kwa miaka ishirini jumla yake ni karibu dola 39,700. Ongeza na ile dola 24,000 uliyotoa taslimu, gawa kwa majuma ishirini, utaona kila juma limekugharimu kama dola 3,180, na hapo hujakata tiketi ya ndege. Aliyekopa limemgharimu karibu dola 4,220. Na huku wenye zamu wengine, waliochoka na ada, wanakodisha majuma yao katika majengo hayo hayo kwa yeyote anayetaka, bila mkataba wa maisha.

Ada haina kikomo, na juu yake upo mchango maalumu. Hapa pana kisa ambacho waandishi wa chapa hawakitaji. Kisiwani Kauai iko nyumba ya mapumziko ya The Point at Poipu. Iligundulika kwamba maji yalikuwa yakipenya kwenye kuta, na mwaka 2011 wenye zamu wakatozwa matengenezo ya zaidi ya dola milioni 60, maelfu ya dola kwa kila juma linalomilikiwa. Walikuwa hawakulijenga jengo wala hawakulisimamia. Katika fiqhi ya ijara, matengenezo ya msingi yanayohusu uhai wa jengo ni juu ya mwenye mali, si juu ya mpangaji. Kampuni hizi zinamwita mnunuzi mmiliki siku ya kulipia kuta, na zinamfanya mgeni wa hoteli siku ya kuamua mambo.

Jengo hilo hilo linatufundisha thamani ya chapa. Aliyenunua hapo katika miaka ya 1990 alinunua jina la Embassy. Baadaye akajikuta chini ya Sunterra. Mwaka 2007 Sunterra ikanunuliwa na Diamond, na mwaka 2021 Diamond ikanunuliwa na Hilton Grand Vacations. Majina manne yamepita juu ya kitanda kimoja, na mnunuzi hakuulizwa hata mara moja. Kampuni ya Marriott ya zamu nayo ilitenganishwa na hoteli za Marriott mwaka 2011, na mwaka 2018 ikaimeza ILG pamoja na zamu za Westin, Sheraton na Hyatt. Sasa yule anayekaa usiku kucha akipima kati ya chapa hii na ile, anapima nini hasa? Anapima bango ambalo huenda likabadilishwa kabla hajamaliza deni.

Tukifika kwenye kutoka, ndipo tofauti na falaj inapokuwa dhahiri. Zamu iliyonunuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola mara nyingi huuzwa mitumba kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na nyingine hutolewa bure na bado hakuna anayezitaka, kwa sababu atakayezichukua atachukua pamoja nazo ada ya milele. Kampuni zenyewe husaidia kuiua bei ya mtumba. Disney, ambayo wengi huisifu kuwa bora kuliko zote, iliweka sharti mwezi Januari 2019 kwamba atakayenunua kwa mwenzake badala ya kwao hatazitumia pointi zake katika majengo yao mapya. Hata hivyo tuitaje Disney kwa jema moja: mkataba wa Aulani, jengo lao la kisiwa cha O'ahu lililofunguliwa 2011, una mwisho unaojulikana, Januari 2062. Aliyenunua mwaka wa kwanza akiwa na umri wa miaka 40 atakuwa na 91 siku hiyo. Na hata hao walikosea hesabu. Julai 2011 walisimamisha mauzo ya Aulani kwa kuwa ada ya mwaka ilikadiriwa chini mno, kisha wakarudi sokoni na ada ya juu zaidi.

Mikataba mingine, hasa ya zamani, haina mwisho kabisa, na muuzaji hulitaja hilo kwa bashasha: "Utawarithisha watoto." Ndugu Muislamu, litazame neno hilo kwa macho ya sheria yako. Deni la maiti hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa. Je, deni linalozaliwa upya kila Januari, lisilojulikana litakuwa kiasi gani mwaka ujao, litatolewaje kabla ya kugawa? Mtume (s.a.w.) alikataza uuzaji wenye gharari, na sisi hatujui gharari iliyo wazi kuliko kumuuzia mtu gharama isiyo na kiwango wala ukomo. Warithi walioko Marekani wajue kwamba sheria ya huko inawaruhusu kuukataa urithi wa namna hiyo kwa maandishi, mradi hawajaanza kuutumia.

Na yote haya hupatikana vipi? Kwa zawadi. Mume na mke hualikwa pamoja, huahidiwa tiketi ya karamu ya Kihawaii au ya kupanda helikopta kwa bei ya kutupa, kwa sharti la kusikiliza maelezo ya dakika tisini ambayo hugeuka saa tatu. Bei hushushwa mara mbili tatu, kila mara na mkubwa mpya anayeingia chumbani, na daima ni kwa siku ya leo tu. Mwaka 2016 baraza la mahakama huko San Francisco lilimpa dola milioni 20 mwanamke aliyekuwa muuzaji wa Wyndham, aliyefukuzwa baada ya kuripoti jinsi wazee walivyokuwa wakilaghaiwa, wengine wakifunguliwa kadi za mkopo bila wao kujua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Hapa mteja husainishwa kurasa kwa makumi baada ya saa tatu za kuchoshwa, na asichokisoma ndicho kitakachomfunga.

Visiwa navyo vina wenyewe. Lahaina, kisiwani Maui, iliungua tarehe 8 Agosti 2023 na watu 102 wakafariki. Maelfu waliopoteza nyumba wakawekwa katika hoteli za pwani ile ile ya magharibi, na tarehe 8 Oktoba, miezi miwili tu baadaye, serikali ikaanza kuifungua pwani hiyo kwa watalii huku wenyeji wakipinga. Ka'anapali, penye safu ya majumba ya zamu, palikuwa mashamba ya miwa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaojua fukwe zao zimekwenda wapi, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Waliokwisha kuingia wajihadhari na mtego wa pili, wa wale wanaojitangaza kuwatoa watu kwenye zamu kwa malipo ya mbele. Mwaka 2022 serikali ya Marekani pamoja na jimbo la Wisconsin zilizishitaki kampuni za namna hiyo kwa kukusanya zaidi ya dola milioni 90. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Mexico, waliohusishwa na genge la Jalisco, kwa kuwapigia simu wenye zamu na kujifanya wanunuzi. Anayekutaka ulipe kwanza ili akuuzie, kata simu.

Na aliyesaini juzi bado ana nafasi. Sheria ya Hawaii inampa siku 7 za kuvunja mkataba bila sababu, Florida siku 10, nchi za Umoja wa Ulaya siku 14. Aandike barua, si kupiga simu, maana kwenye simu atapewa mtu wa kumbembeleza hadi siku ziishe. Anwani ya kupeleka barua hiyo imo ndani ya mkataba, aghalabu kwa herufi ndogo katika kurasa za mwisho. Aipeleke posta kwa njia ya rejista, achukue stakabadhi yenye tarehe, na abaki na nakala.