Sadaka yetu iingie pia darasani





Leo tuitazame sadaka ambayo wengi wetu hatujaizoea. Tunapoombwa kuchangia saruji ya msikiti, mikeka au kisima, mikono yetu huwa myepesi, na Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini mtoto yule yule tunayemtafutia madrasa nzuri jioni, asubuhi tumempeleka katika shule ya Serikali iliyo jirani yetu, na huko ndiko anakoshinda sehemu kubwa ya siku yake. Ni wangapi miongoni mwetu tumewahi kuuliza chumba anachosomea kinapungukiwa nini? Wengi tunajua jina la mwalimu wake wa Kurani na hatujui jina la anayemfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu.

Tuanze na hali ilivyo. Ada katika shule za msingi za Serikali ya Tanzania ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002 ukaleta ruzuku kwa kila shule kulingana na idadi ya wanafunzi wake. Kiwango kilikuwa sawa na dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, na wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Elimu bila ada ilipopanuliwa hadi kidato cha nne mwezi Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000, ingawa kwa thamani ya fedha ya mwaka huo hazikufika hata dola 5. Tena si zote zilizofika shuleni: 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni. Ukizigawa kwa miezi 12, ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, na humo humo mlikuwa na chaki, ukarabati, mitihani na uendeshaji wa ofisi.

Kwa hesabu hiyo, msomaji ataelewa kwa nini mwalimu wa darasa la kwanza huokota vizibo vya soda ili watoto wapate kitu cha kuhesabia, na kwa nini hununua karatasi za manila na maka peni kwa mshahara wake ili achore herufi za kubandika ukutani. Mambo anayohitaji mwalimu huyo si makubwa. Ni kadi za herufi, ni sanduku la vitabu vya hadithi ambalo watoto wataazimana, ni mizani ya somo la sayansi, ni majembe na mbegu za bustani ya shule. Kila kimoja kati ya hivi ni mradi wa darasa moja, na gharama yake aghalabu huwa chini ya ile tunayoitumia kupika pilau la sherehe moja. Kwa kuwa ni vidogo, haviingii katika bajeti ya wakubwa, na kwa kuwa haviingii katika bajeti hiyo, mtoto huvikosa mwaka baada ya mwaka.

Wapo watakaosema kwamba Serikali imekwisha tangaza elimu bure, basi mzazi hana tena la kufanya. Kauli hii inahitaji kusahihishwa. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua utekelezaji wa elimu bila ada na kukataza michango ya lazima. Haukumwondolea mzazi jukumu la sare, madaftari, kalamu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Vilevile, Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni mwezi Januari 2018, ufafanuzi uliofuata ulieleza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari yake aufikishe mchango wake kwa uongozi wa halmashauri, wala asiukabidhi mkononi mwa mwalimu. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumfukuza mtoto asiyelipa, na hilo ni katazo la haki. Mlango wa hiari haukufungwa, na sadaka kwa asili yake ni hiari.

Wengine watasema kuwa fedha za shule huliwa, au hata zisipoliwa hazileti tija. Hoja hii tusiipuuze, kwani ina ushahidi upande wake. Katika miaka ya 2013 na 2014, taasisi ya Twaweza iliendesha hapa Tanzania jaribio lililoitwa KiuFunza, lililohusisha shule za msingi 350 katika wilaya 10. Baadhi ya shule zilipelekewa ruzuku ya nyongeza ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja katika akaunti zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ruzuku peke yake haikuwafanya watoto wa madarasa ya chini wajue zaidi kusoma wala kuhesabu. Lakini katika shule ambako ruzuku iliambatana na motisha kwa walimu kulingana na watoto walivyojifunza, mafanikio yalionekana wazi. Jambo jingine lililobainika ni kwamba ruzuku ilipofika, baadhi ya wazazi walipunguza walichokuwa wakiwatumilia watoto wao wenyewe.

Huko Busia, magharibi mwa Kenya, shule zilipewa vitabu vya kiada katika miaka ya 1990, na watafiti wakakuta kwamba walionufaika ni wale wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, nayo ni lugha ambayo wengi darasani hawakuimudu. Mtoaji alitoa kwa nia njema, lakini alichokitoa hakikulingana na hali ya mpokeaji.

Katika mifano hii miwili mna somo moja. Kutoa tu hakutoshi. Fedha inayoshuka shuleni bila mtu kuwa na jambo mahususi la kuitendea hupotea kama maji mchangani, hata kama hakuna aliyeiba. Msaada wenye tija ni ule unaoanzia kwa mwalimu mwenyewe, aliyesimama mbele ya watoto na kujua kinachowakwamisha, akaweza kusema: nataka kitu hiki, kwa watoto hawa, ili wajue jambo hili, na kabla ya muhula kwisha nitawaonyesha walivyojifunza.

Utaratibu wa namna hiyo si ndoto. Nchini Marekani mwaka 2000, mwalimu mmoja wa shule ya Serikali katika mtaa wa Bronx, jijini New York, aitwaye Charles Best, alianzisha DonorsChoose. Mwalimu huandika mradi wa darasa lake na gharama zake, na wananchi huchangia hata kwa kiasi kidogo. Fedha hazimfikii mwalimu mkononi: shirika lenyewe hununua vifaa na kuvipeleka shuleni, kisha mwalimu huwarudishia watoaji shukrani na maelezo ya matumizi. Hapa kwetu nako, mpango wa EQUIP-T ulioanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Uingereza, katika mikoa ikiwamo Lindi, Kigoma na Tabora, ulitoa ruzuku ndogo kwa shule na kwa vikundi vya Ushirikiano wa Wazazi na Walimu (UWW). Kwa hiyo kamati za shule na wazazi wa vijijini wamekwisha kukabidhiwa amana ya namna hii.

Waislamu wa Afrika Mashariki nao hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa juhudi za Aga Khan wa tatu, ilijenga misikiti na shule kwa utaratibu wa kuoanisha michango: wenyeji wakikusanya chao, jumuiya huongeza kiasi kama hicho. Wazee wetu walielewa kwamba anayetoa kidogo chake mwenyewe hukilinda kilichojengwa. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za mashirika ya dini nchini Tanzania zilichukuliwa na Serikali zikawa za wote. Ziwe zilijengwa na nani, leo wanaokaa humo ni watoto wetu na watoto wa majirani zetu.

Na hapa huibuka swali: je, sadaka ya Mwislamu inafaa kumnunulia kitabu mtoto asiye Mwislamu aliye katika darasa hilo hilo? Tutofautishe. Zaka ina makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na haifai kuielekeza kwingine bila kuwauliza wanazuoni. Ama sadaka ya kujitolea, mlango wake ni mpana, na Kurani imewasifu wanaomlisha masikini, yatima na mateka kwa kutaka radhi za Mola wao tu. Mateka wa zama zile hakuwa Mwislamu, naye alilishwa. Jirani wa mwanao katika dawati ana haki zaidi ya kufikiriwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, familia chache za mtaa mmoja au za msikiti mmoja ziweke nia ya pamoja. Kaya 20 zikitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa miezi 10 hupatikana shilingi 400,000, nazo zinatosha kuanzia mradi wa darasa moja au zaidi. Pili, mradi utoke kwa mwalimu na upitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, na kibali cha halmashauri kitafutwe kabla ya kukusanya hata shilingi moja. Tatu, vinunuliwe vifaa badala ya kutoa fedha taslimu, risiti zihifadhiwe, na kila kilichopokelewa kiandikwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandikiana madeni. Amana ya watoto haistahiki uangalizi mdogo kuliko huo. Nne, wazazi warudi baada ya muhula kuuliza watoto wamejifunza nini, bila masimbulizi wala kumdhalilisha mwalimu, kwani masimbulizi huibatilisha sadaka. Tano, sadaka hii isiwe sababu ya baba kuacha kumnunulia mwanawe daftari, wala ya Serikali kusahau wajibu wake wa kuleta walimu, vyumba na ruzuku inayolingana na bei za leo. Wajibu huo tuendelee kuudai kwa adabu na bila kuchoka.

Ndugu msomaji, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba amali anazozipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu hata zikiwa chache, na kwamba miongoni mwa yanayobaki na mja baada ya kufa kwake ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Sanduku la vitabu katika darasa la pili hukusanya yote mawili. Mtoto atakayejua kusoma kwa kitabu hicho atakisoma Kiswahili chake, ataisoma tafsiri ya Kurani, na kesho atamsomea bibi yake maelekezo ya dawa aliyopewa zahanati. Wiki ijayo, tunapompeleka mtoto shuleni, tusiishie getini. Tuingie, tumsalimie mwalimu wake kwa heshima, tumuulize darasa lake linahitaji nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotoa kwa ikhlasi na wanaotunza amana, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.