Ziwa Letu Lilikuwa na Watu

Iko sinema iitwayo The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951. Ni hadithi ya mapenzi ya wakati wa vita vya mwaka 1914. Dada wa mmisionari Mwingereza, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, na fundi mpenda pombe, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, wateremka mtoni katika mashua kuukuu, wapendana, na mwishowe waizamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Na wageni wafikapo Kigoma huambiwa kwamba Liemba ndiyo meli ya sinema. Hata vijana wetu hulisema neno hilo kwa fahari. Sisi twasema fahari hiyo ni ya kuazima, nayo yatunyang'anya iliyo yetu.

John Huston, aliyeiongoza kazi hiyo, hakupiga picha zake katika ziwa letu. Alizipiga Kongo, katika mto Ruiki, na Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison. Nyingine zilipigwa Uingereza, katika majumba ya sinema. Mto wa hadithi waitwa Ulanga nao waingia ziwani. Bali Ulanga wa kweli huenda Rufiji, na Rufiji huenda Bahari ya Hindi.

Sasa sikieni habari za meli yenyewe. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikaundwa tena, ikashushwa majini Februari 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini hata Kongo, zikavushwa juu ya milima ya Mitumba. Ni nani waliofyeka njia ile na kutengeneza madaraja yake? Ni Waafrika, kwa mamia. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na mlango wa Malagarasi, wakiwa wamekwisha kuipaka mitambo yake grisi isiharibike. Iliopolewa mwaka 1924, ikasafiri tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mashua ya wapenzi wawili haimo katika habari hizi.

Lakini kosa la majina na mito ni dogo. Kubwa ni hili: tazameni mwanzo wa sinema ile. Watu wa kijiji wamo kanisani, nao waonyeshwa wakipayuka sauti zisizo na maneno, kana kwamba Mwafrika hawezi kujifunza wimbo. Kisha askari wachoma kijiji na kuwachukua watu, na hadithi haiulizi tena walikopelekwa. Yabaki mapenzi ya wawili, na nchi ni kama pazia nyuma yao. Na katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, homa na kuhara.

Mtu atasema, "Hiyo ni hadithi tu, ya kuburudisha." Naam, mtunzi ana ruhusa ya kubuni wapenzi, wala hatuwakatazi watu kuitazama. Lakini hadithi ikifundishwa bandarini kuwa ndiyo historia, haiwi tena burudani. Mtoto aliyeambiwa hivyo ataijua sura ya Bogart, asijue babu yake alibeba nini.

Tena, mtu atakaye habari za upendo katika Liemba asizitafute Marekani. Mwezi wa Mei 2015 Warundi kwa maelfu waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, ufukweni, na kipindupindu kikawaingia. Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma. Hilo lilitendeka mbele ya macho ya watu wa ziwa hili, wasiohitaji kufundishwa na sinema.

Basi, walimu wa Kigoma na Ujiji, na ninyi wazazi, waulizeni wazee wa ukoo wenu: nani alichukuliwa mwaka ule, alibeba mizigo ya nani, alirudi au hakurudi? Andikeni majina hayo katika daftari la shule au la kanisa. Na mgeni aulizapo ile meli ya sinema, mwonyesheni Liemba, kisha msomeeni majina.