Kuacha pampasi: tulivyofanya, na pale tulipokosea

 

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wamama wawili, majirani, na kamba yetu ya kuanikia nguo ni moja. Mmoja wetu ana bebe wa miezi saba. Mwezi huu tunaongea juu ya pampasi, kwa sababu ndilo swali tunaloulizwa sana kwenye foleni ya maji: "Mama, hizi pampasi munaziweza namna gani?" Jibu letu ni kwamba hatukuziweza.

Hapa kwetu mtu hanunui pakiti nzima. Ananunua kipande kimoja kimoja dukani, kama vile sigara. Kwetu kipande kilikuwa shilingi 800. Bebe mdogo anatakiwa kubadilishwa mara sita au zaidi kwa siku, lakini nani hapa Nakivale ana shilingi 4,800 kila siku ya Mungu kwa ajili ya mkojo? Basi tulinunua viwili, kimoja cha mchana na kimoja cha usiku. Hata hivyo ni 48,000 kwa mwezi. Na tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2020, hatujui nyumba ambayo pesa kama hiyo inakaa tu ikisubiri kazi. Yetu ilitoka kwenye maharage. Tunasema wazi kwa sababu tunajua hatuko peke yetu: tuliuza maharage ya kiwanja chetu, ambayo wakubwa wangekula, ili mdogo avae pampasi.

Na mdogo mwenyewe alipata nini? Ndani ya pampasi kuna chembe ndogo zinazokunywa mkojo na kuvimba. Ukigusa unaona kama pakavu, unasema bado inafaa. Lakini choo na mkojo vinakaa pamoja na joto masaa nane, kumi, na ngozi ya mtoto inaungua. Alipofikisha miezi mitatu matako yalikuwa mekundu, pengine pamechubuka, na kila akikojoa analia. Tukapaka poda yenye harufu nzuri. Kosa. Poda ile inazidi kuwasha, na vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto.

Kwenye kliniki muuguzi hakuandika dawa yoyote siku ile. Alisema: mvue, umuoshe kwa maji, umpanguse taratibu, umuache wazi apate hewa, kisha mafuta ya mgando kidogo. Akaongeza kwamba kama baada ya siku tatu wekundu haujapungua, au kuna vipele vidogo hata kwenye mikunjo ya mapaja, tumrudishe, maana hapo inaweza kuwa fangasi, ambayo ina dawa yake. Kwetu ilipoa. Mama mkwe, ambaye alikuwa amenyamaza miezi yote mitatu, ndipo akasema: "Ninyi wote mulikulia katika vikwembe vya mama zenu, na mulikua."

Kusema kweli tulichokuwa tunaogopa ni haya. Pampasi inaonyesha kwamba nyumba fulani inajiweza, hata kama ndani sufuria iko tupu. Mtu akimbeba bebe wako kanisani na kitenge chake kikalowa, watu wanaangaliana. Hiyo haya ilitugharimu maharage mengi.

Basi tukatafuta vitambaa. Shuka mbili kuukuu za pamba na fulana za mitumba zilitutolea nepi kumi na tano. Kabla ya kununua kitambaa, dondoshea tone la maji. Likibaki juu linateleza, kiache, hakitakunywa mkojo. Likizama mara moja, ndicho. Shuka tulikata mraba, urefu wa mkono kila upande, tunakunja pembe tatu. Katikati tunaweka kipande cha taulo kilichokunjwa. Ukifunga kwa pini, weka kidole chako kati ya pini na tumbo la mtoto. Ukichomwa, uchomwe wewe. Usifunge miguu ikanyooka kama kuni, iache ipanuke kama anavyokaa mgongoni. Chupi ya plastiki ya juu tunaivalisha kwa safari tu. Akishinda nayo, joto ni lile lile la pampasi.

Kufua kuna utaratibu. Choo cha bebe kinatupwa ndani ya latrini, na maji ya kwanza ya kusuuzia yanakwenda huko huko, si karibu na bomba wala nyuma ya nyumba. Wengi wanasema choo cha mtoto hakina shida kwa sababu ananyonya tu. Hapana, kina vijidudu vya kuharisha kama cha mkubwa. Baada ya hapo ni sabuni, kufikicha, kusuuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki nayo inawasha ngozi. Mtoto akiharisha, tunazichemsha. Na mikono yetu ndiyo inayomaliza kuoshwa.

Sasa tufike pale tulipokosea, kwa sababu mambo ya kufua karibu kila bibi atakufundisha.

Nepi zinataka maji. Kwetu ziliongeza bidoni mbili za lita ishirini kila siku juu ya zile za kupika na kuoga. Hatukukaa chini kuuliza nani atazibeba. Zilibebwa tu, nasi tukafurahi kwamba tunaweka akiba. Sabuni ya miche miwili ilikuwa 10,000 kwa mwezi, kwa hiyo katika zile 48,000 zilibaki 38,000. Maharage yakarudi kwenye sahani. Tulikuwa tunajisifu.

Halafu mwalimu akatuma neno kwamba binti yetu wa miaka 11, wa darasa la nne, amechelewa mara nne katika wiki moja. Tulimuita, tukiwa tumeshakasirika. Akatuangalia akasema, "Mama, sasa mimi ndiye pampasi." Kumbe alikuwa anaamka gizani kuwahi foleni ya bomba, anarudi anasuuza nepi za usiku, ndipo anakimbia shuleni, siku zingine bila kunywa hata chai. Hatukumtuma kwa mdomo. Aliona ndoo imejaa nepi, akaona mama yake ana mtoto kifuani, akafanya. Wasichana wetu ndivyo walivyolelewa, na sisi tulikubali kwa kunyamaza. Ile akiba tuliyokuwa tunahesabu kila mwisho wa mwezi, yeye ndiye aliyekuwa anailipa na masomo yake.

Jioni ile tuligawa kazi upya. Baba anachukua zile bidoni mbili kwa baiskeli akitoka shamba, saa kumi na mbili, wakati foleni imepungua. Wiki ya kwanza vijana pale kwenye bomba walimcheka, wakamuuliza kama amejifungua. Alijibu kwamba yeye pia ni mzazi, akajaza bidoni zake. Wamama sisi wawili tunafuliana: mmoja anafua leo, mwingine kesho. Binti anaanua na kukunja baada ya shule, basi. Kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kugawana naye kazi hiyo, mama uko peke yako na watoto wadogo, sisi hatutakuambia uache pampasi zote. Anza na nepi za mchana tu, nusu ya siku, na utafute jirani.

Tena, anika juani, juu ya kamba. Usianike kwenye majani wala chini. Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo na zilizoanikwa kivulini. Mabuu yake yanaingia ndani ya ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Tuliona kwa mtoto wa jirani, mama alidhani ni majipu ya kawaida. Dawa ya hayo ni pasi ya mkaa, pande zote mbili za nepi, kwenye mishono zaidi. Asiye na pasi aazime. Pasi moja inatosha nyumba nne.

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, nepi hazikauki. Hapo tunanunua pampasi moja ya usiku, na hatuoni haya. Ila haitupwi kwenye latrini. Ile kitu inavimba na haiozi, shimo linajaa kabla ya wakati. Wala usiitupe nje, mbwa wanaivuta mpaka wanapocheza watoto. Choo kilichomo tunakimwaga latrini, kisha yenyewe inakwenda kwenye shimo la taka na kufukiwa. Na wale wanaofua pampasi na kuivalisha tena tunaomba waache. Zile chembe zikipasuka zinamgandia mtoto kwenye ngozi.

Jambo la mwisho tumelipata kwa mama mkwe. Asubuhi, mara bebe anapoamka, na kila akimaliza kunyonya, anakaa chini, ananyoosha miguu, anamkalisha mtoto juu ya nyayo zake mbili na kumshika kiunoni. Anasubiri kidogo, anamwimbia. Mara nyingi choo kinatoka pale. Nepi za kufua zimepungua kutoka kumi mpaka sita kwa siku, na baba sasa analeta bidoni moja na nusu.

Mwezi ujao tutaongea juu ya uji wa mtoto aliyefikisha miezi sita. Wenye fulana za pamba wasizozivaa, tunazikata Jumamosi mchana chini ya ule mwembe wetu. Mje na mkasi.